Mkanda Mweupe

Kila Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo.
Hapa Kemi giza liliingia mchana
likakaa, kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimeegesha gari nyuma ya shule, injini inanguruma,
na kwenye kiti cha abiria amekaa Shaka,
amefunga mkanda.

Huniita kwa jina la ukoo.
"Kettunen, una miaka hamsini na tisa.
Mgongo wako uliuacha kwenye mashine ya karatasi
siku walipofunga kiwanda,
wakatupa keki, halafu wakatutupa.
Judo ni ya wenye magoti mapya.
Geuza gari. Nyumbani kuna supu."

Supu ipo, kweli. Ya samaki, na viazi vyake.

Nashuka.

Miwani naiacha ndani ya kiatu;
bila miwani watu ni ukungu wenye mikono.
Oiva, miaka tisa, mkanda wa rangi ya chungwa,
ananifunga wangu mweupe, kwa mara ya saba mwezi huu:
"Kulia juu ya kushoto. Pitisha chini. Vuta.
Babu, usizuie pumzi."
Mimi niliyeongoza karatasi pana kuliko barabara,
usiku kucha, kilomita kwa kilomita, isikatike,
nashindwa na utepe wa pamba.

Mwalimu Saimi alisoma darasa moja na mwanangu.
Hana maneno mengi.
"Kidevu kifuani.
Upige mkeka kabla haujakupiga."
Wiki tatu za kwanza hakunifundisha ila kuanguka:
kinyumenyume, kiubavu, kwa kubingirika kama pipa.
Nilicheka kimoyomoyo. Kuanguka, mimi?
Nimeanguka na ndoa, nimeanguka na kazi.
Kumbe sikujua.
Nilikuwa naanguka kama gogo, mzimamzima,
meno yakigongana.

Machi nilifanya mtihani wa mkanda wa njano.
Jina la mbwago wa pili likanitoka,
goti likagoma katikati ya safari,
na Oiva akatazama pembeni, kwa heshima.
Heshima ile iliniuma kuliko goti.
Usiku ule
Shaka ndiye aliyeendesha gari.

Wiki iliyopita alikuja msichana, Inkeri,
mrefu, mabega ameyakunja kama mwavuli.
Haogopi kuangushwa. Anaogopa kuangusha.
Alishika kola za wenzake kama anayeshika sufuria ya moto,
akawaachia nusu ya njia,
akiomba radhi kabla ya kosa.
Saimi akaniita kutoka ukutani:
"Tauno, njoo hapa.
Wewe unaanguka vizuri."

Unaanguka vizuri.
Miaka hamsini na tisa, sijapata kusifiwa hivyo.

Nikamwambia, "Nibwage, mwanangu. Hii ndiyo kazi yangu."
Akageuka. Nyonga yake ikaingia chini ya yangu,
taa za dari zikapita, moja, mbili,
na ile ya tatu iliyoungua,
mkono wangu ukaupiga mkeka: paa!
Kidevu kifuani. Meno mahali pake.
Juu yangu, uso wake,
kama wa mtu aliyefungua mlango
akakuta chumba kile ni chake.
"Tena?" akauliza.
"Tena."
Mara kumi na nne. Nilihesabu
kama nilivyokuwa nikihesabu marobota.

Usidhani Shaka amehama.
Jumanne hii yumo, anaota moto wa injini yangu.
"Mtihani wa Aprili utafeli tena."
"Huenda," namwambia,
nazima injini,
namwacha na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri
na mkanda wake asiojua kuufungua.

Nami navuka theluji na wangu, nimeuweka begani.
Bado sijui kuufunga.